Meseji za Spika

Fundi cherehani alikuwa amebakiza sketi tatu za sare ya shule, na mteja amemsimamia mlangoni, simu yake ilipoandika kwamba kumbukumbu imejaa. Mteja alikuwa anamtumia picha ya mshono anaoutaka, picha ikakataa kuingia.

"Futa hayo matangazo, dada," mteja alisema huku akijipepea kwa mkoba. "Simu yako imevimbiwa."

Fundi akacheka, akafungua meseji. Kweli matangazo yalikuwa yamejipanga kama siafu: ofa, bahati nasibu, ofa tena. Akawa anayatia alama moja moja, mguu juu ya pedali, jicho moja kwenye sindano. Katika kubonyeza bonyeza huko kidole kikagusa "chagua zote". Simu ikamuuliza kama ana uhakika. Akaikubalia bila kuisoma, kama mtu anavyomwitikia anayebisha hodi huku mikono imejaa unga.

Kioo kikabaki cheupe. Kiliandika tu: "Hakuna mazungumzo."

"Haya, nitume sasa?" mteja aliuliza.

Fundi alikuwa anapandisha na kushusha kioo kwa kidole gumba, akitafuta jina moja tu. Baba.

Baba yake alikuwa mpiga mnada. Sokoni walimwita Spika, kwa kuwa sauti yake ilifika stendi bila kulipa nauli. Kisha uvimbe ukamwota kooni, madaktari wakaukata, na sauti ikaenda nao. Miaka miwili ya mwisho aliishi chumba cha nyuma ya duka la ushonaji, akiongea na binti yake kwa meseji, katikati yao ukuta mmoja tu. "Chai ya leo umeipika au umeiota?" Au mteja akishatoka: "Huyo harudi. Nimemsikia anavyoburuta viatu." Siku nyingine zilifika meseji arobaini. Binti alikuwa akinung'unika, "Baba, niache nishone," na ukutani kukagongwa mara mbili, maana yake Spika anacheka.

Alifariki miezi mitano iliyopita. Hakuna aliyewahi kuirekodi sauti yake. Nani angerekodi sauti ambayo mtaa mzima uliiomba ipungue? Zilibaki meseji. Binti alizisoma kidogo kidogo, mbili tatu kila asubuhi kabla ya kuwasha cherehani, asizimalize.

Mteja, alipoelewa kilichotokea, aliingiwa na huruma kweli. "Tulia, dada. Kuna programu inarudisha kila kitu. Shemeji yangu alirudishiwa." Wakafuta picha za vitambaa ili ipate nafasi, wakaishusha. Ikazunguka, ikaonyesha tangazo la sabuni, ikazunguka tena, ikasema haijaona kitu. Hapo katikati simu iliita mara tatu. Wazazi waliulizia sare.

Akafunga duka, akaenda kwa fundi simu anayeitwa Daktari, kwenye kibanda kilichojaa simu zilizofunuliwa migongo.

"Baada ya kufuta, umeitumia?" Daktari aliuliza.

"Nimepokea simu. Na tumeshusha programu ya kurudisha."

Daktari akaguna. "Unajua, dada, ukifuta, maneno hayaondoki saa hiyo hiyo. Simu inasema tu, hapa pako wazi, anayetaka akae. Kila kinachoingia kinayakalia. Na hiyo programu imeingia na mizigo yake yote."

"Kwa hiyo nimezifuta mara mbili."

Daktari akamuuliza kama aliwahi kuweka nakala mtandaoni. Fundi akauliza, nakala ya nini? Basi Daktari akaiunganisha simu na kompyuta, akamwambia arudi baadaye. Hakwenda popote. Alikaa kwenye kigoda saa mbili nzima, akitazama mstari wa kijani ukitambaa, akiwa na uzi mweupe bado umemning'inia begani. Mikono yake, ambayo haikujua kukaa bure, ilikunja na kukunjua pindo la gauni lake.

Zilirudi meseji thelathini na moja. Ofa. Ofa. "Kiuno punguza kidogo." "Fundi, zipu imekatika." Ya baba hakuna hata moja.

"Simu ya mzee iko wapi?" Daktari aliuliza ghafla. "Alizokutumia zitakuwa kule."

Fundi aliinuka kwa kasi hadi kigoda kikaanguka. Simu ya mzee aliirithi baba mdogo, mlinzi wa lango la kiwanda cha magodoro. Alimkuta amesimama langoni na kofia yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Simu ya baba unayo?"

"Hii hapa." Akaitoa mfukoni kwa fahari, akaifuta kwa mkono wa shati. "Ilikuwa inakwamakwama, nikampa kijana mmoja wa simu akaianzisha upya. Sasa ni mpya kabisa."

Aliipokea, akafungua meseji. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya mke wa baba mdogo, akimkumbusha kununua betri. Kabla ya hiyo hapakuwa na kitu. Alipomweleza, baba mdogo alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Ningejua, mwanangu. Wallahi ningejua." Fundi alitaka kumkasirikia, akashindwa. Angemwambia nini, yeye mwenye kidole kile kile?

Jioni, zamu ilipoisha, baba mdogo alikuja dukani na daftari la karatasi. "Taja unazozikumbuka, mimi niandike."

Akataja ile ya chai. Akataja ya viatu vinavyoburutwa. Akataja nyingine, ya mtu aliyenunua koti lenye mkono mmoja, na hapo kalamu ikasimama.

"Hiyo aliisema mnadani, mwanangu. Wewe ulikuwa bado unanyonya."

"Aliniandikia."

"Labda alikuandikia tena."

Labda. Akajaribu nyingine, ikaja nusu. Nyingine ikaja nzima, lakini ilikuwa maneno yake mwenyewe, jibu alilompa baba. Swali lilikuwa limekwenda. Zaidi ya meseji elfu tano, na daftari halikujaa ukurasa mmoja. Baba mdogo alisubiri, kalamu hewani, haya zimemjaa usoni.

"Moja nina hakika nayo," fundi alisema mwishowe. "Ya mwisho. 'Zima hiyo redio, nataka kulala.'"

Baba mdogo akaandika taratibu, herufi kwa herufi. "Ukaizima?"

"Nilikuwa napenda ule wimbo," alisema. "Nikaipunguza tu."