Uso wa Mpambaji

Kazi yake ilikuwa kupamba maharusi, halafu tazama mambo ya dunia: ugonjwa ukaenda kukaa usoni mwake mwenyewe. Vivimbe vya zambarau, puani na mashavuni, vya nadra hata madaktari wawili wa kwanza wakabaki kukuna vichwa. Wateja wakaanza kumkimbia.

Daktari wa tatu, mama mmoja mkali, ndiye aliyempa tumaini. Anampaka dawa usoni, anamfunika mpaka iingie, kisha anammulika kwa taa nyekundu inayowasha kama pilipili. Baada ya hapo ni siku mbili ndani, mapazia yamefungwa, uso mtupu.

"Jua likikupiga, au ukipaka makorokoro yako, utaharibu kila kitu," alimwonya.

Na kweli vivimbe vilikuwa vinanywea. Alijitazama kwenye kioo akalia kwa furaha.

Siku moja baada ya kumulikwa, dada yake akaingia anahema. Harusi ya binti yake imevutwa mbele, ni leo, bwana harusi ana safari.

"Mwanangu hapambwi na mtu mwingine. Si umemlea wewe?"

"Dada, jana tu nimetoka kwenye taa. Sitakiwi kutoka."

"Basi jipake kidogo uje. Usije hivyohivyo, watu watasemaje?"

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la wapambaji. Maisha yake yote hajawahi kumsogelea bibi harusi na uso mtupu. Mkono ukaenda wenyewe kwenye fandesheni, akapaka juu ya ngozi mbichi, akatoka juani.

Alimpamba binti yule akapambika, watu wakashika midomo. Huku nyuma taa za mpiga picha zinammulika yeye, na chini ya poda uso unatokota. Kabla keki haijakatwa, macho yalishavimba.

"Rudi nyuma kidogo," dada akamnong'oneza. "Unatuharibia picha."

Akarudi nyuma, akashika mkia wa gauni. Shangazi wa bwana harusi akaja kumshika bibi harusi kidevu.

"Jamani, umependeza! Nani kakupamba? Na mimi nina binti anaolewa."

Bibi harusi akageuka, akamtazama mama yake mdogo usoni. Alimtazama vizuri tu.

"Saluni moja hivi, mjini," akajibu.

Neno lile lilimuuma mpambaji kuliko uso. Lakini gauni hakuliachia, maana chini palikuwa na matope.