Spika ya Nyuki na Sauti ya Mama Mkwe

Tembo walipokula shamba la mama mkwe mara ya kwanza, mama mkwe alilia. Walipokula mara ya pili hakulia. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, akatangaza kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini kwa kuwa tembo hawashiki jembe, basi wakija tena na kula, yeye anafunga virago, anahamia mjini kwa mwanawe wa kiume, na shamba libaki na wenyewe wenye mikonga.

Fundi aliyasikia hayo akiwa barazani, kwenye meza yake iliyojaa redio zilizopasuliwa matumbo. Asidanganyike mtu: moyo wake ulicheza kidogo. Alioa binti, akapewa na mama yake juu, na mama mwenyewe alikuwa na ulimi. Akikusema asubuhi, mchana unajikuta bado unajitetea peke yako njiani. Nyumba bila sauti ile! Fundi alikuwa bado anaionja ndoto hiyo alipoinua macho akamwona mkewe. Mkewe alilelewa kwa shamba hilo hilo na jembe la mama huyo huyo, na sasa midomo ilikuwa inamtetemeka.

"Mume wangu," alisema, "wewe unafufua redio zilizokufa. Ni tembo tu ndio watakushinda?"

Mwanamume akiambiwa hivyo na mkewe, afanyeje?

Alianza na madebe, maana ndiyo yaliyokuwepo. Majirani walikuja, wakayapiga mpaka mikono ikaota malengelenge, na tembo wakaendelea kutafuna majani ya porini, hatua chache tu kutoka kwenye mahindi, kama watu walioalikwa penye ngoma. Debe tupu haliachi kuvuma, na tembo walikwisha jua kwamba ni tupu. Akajaribu pilipili. Alisaga pilipili kavu, akachanganya na samadi, akafinyanga matonge, akayawasha pembeni mwa shamba jioni. Dawa hiyo ni nzuri kweli, tembo hawauwezi moshi wake, ila inataka upepo ukubaliane nawe. Siku hiyo upepo uligeuka. Moshi wote uliingia ndani ya nyumba kupitia dirisha la jikoni, na familia nzima ikatoka mbio, watu wanalia na kupiga chafya.

Mama mkwe alifuta macho yaliyokuwa mekundu kama nyanya, akamtazama.

"Hebu niambie, mkwe wangu. Unamfukuza nani, tembo au mimi?"

Fundi alicheka. Mama mkwe hakucheka.

Bahati yao tembo hawakuja jioni hiyo. Kesho yake Fundi akaenda kwa jirani yao, mfuga nyuki, mtu mpole mwenye uso uliokwisha zoea kuvimba. Mfuga nyuki alimweleza kwamba tembo, na ukubwa wake wote, anamwogopa nyuki, kwa sababu nyuki humwingia mkongani na kumuuma pembeni mwa macho. Ukizungushia shamba waya na kuning'iniza mizinga, tembo akiusukuma waya mizinga hutikisika, na wenye nyumba hutoka kuuliza kulikoni.

"Mizinga nitakupa hata leo," alisema. "Lakini nyuki huhamia wanapotaka wao. Na mahindi yenu yamekwisha beba."

Hapo ndipo akili ya fundi redio ilipowaka. Kama nyuki hawawezi kuja, sauti yao itakuja. Alichukua simu yake, na ili mvumo uwe mzito akaitia ndani ya sufuria kubwa ya mama mkwe, ile ambayo hata mkewe huiosha kwa ruhusa. Akaiweka sufuria chini ya mzinga. Mfuga nyuki akaugonga mzinga kwa fimbo, nyuki wakavuma vizuri sana, na wakati huohuo mama mkwe akatokea kwenye kijia akiitafuta sufuria yake. Yaliyofuata hayahitaji kusimuliwa. Sufuria ilirudi nyumbani kichwani mwa mwenyewe na haikuonekana tena. Tangu siku hiyo chakula kilipikwa kwenye kisufuria kidogo, kila mtu akala nusu shibe, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Fundi alisikiliza mwanzo tu wa alichorekodi. Nyuki walikuwa safi. Akafunga spika ya tarumbeta juu ya mlingoti pembeni mwa shamba, akaiunganisha na betri ya gari, akangoja.

Tembo walikuja jua likizama. Mbele alikuwa jike mzee mwenye sikio lililochanika, ambaye majirani walimwita Shangazi, kwa sababu alikuja bila kualikwa na kuanza kula kabla ya kukaribishwa. Fundi akabonyeza. Nyuki wakavuma. Shangazi akasimama, akatandaza masikio, akarudi nyuma. Kisha akatulia, akangoja. Nyuki walivuma sana lakini hakuna aliyemuuma. Si mjinga yule; akasogea tena, akanyoosha mkonga, akalishika bua la kwanza.

"WEWE!" ilipiga kelele spika. "Nani kakuruhusu kugusa? Mkono huo hauna adabu? Toka hapo! Toka, nasema, kabla sijafika!"

Shangazi aliliachia bua kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Akageuka, akawatanguliza watoto, na ukoo wote ukatimua mbio kurudi porini.

Mama mkwe alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Hiyo ni sauti yangu."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. "Ni yako, Mama."

"Wamekimbia?"

"Wamekimbia."

Mama mkwe alikaza kitambaa chake cha kichwa. "Basi kesho usiweke hiyo ya sufuria. Ninazo bora zaidi."

Na kweli alikuwa nazo. Fundi alijua kwamba tembo huzoea, kwa hiyo kila siku alihitaji karipio jipya, na karipio jipya lina sababu yake. Akawa anaingia na viatu vya matope hadi kwenye mkeka. Akawa anakunywa maji kwa kata badala ya kikombe. Mama mkwe alijua mchezo wote, lakini alimkaripia kwa moyo mmoja, simu ikinasa, na mara mbili walilazimika kuanza upya kwa sababu Fundi aliangua kicheko.

Mahindi yakakomaa. Lakini begi ambalo mama mkwe alilipanga siku ile ya sufuria lilikuwa bado pale nyuma ya mlango, limefungwa kamba, na habari zikaja kwamba mwanawe wa mjini atafika kesho kumchukua. Fundi akagundua kwamba hana hamu ya kazi. Alishika redio, akaiweka. Aliiona nyumba itakavyokuwa kimya, akaogopa.

Jioni hiyo alimletea mama mkwe kule shambani maikrofoni iliyounganishwa na spika. "Leo wakaripie mwenyewe, Mama, ana kwa ana."

Aliipokea. "Ya mwisho hiyo. Kesho naondoka."

"Lakini ulisema utaondoka wakila. Hawajala."

"Nilisema nitaondoka wakila. Sikusema nitabaki wasipokula." Aliyatazama mahindi. "Siku ya ule moshi nilikuuliza unamfukuza nani. Ulicheka, Fundi. Hukunijibu."

Neno hilo lilimchoma.

"Sikufukuzi, Mama. Zamani nilitamani nyumba itulie, sikufichi. Sasa nikifikiri itatulia, nakosa raha. Mimi mama yangu alikufa nikiwa mdogo, hakuna aliyewahi kunigombeza mpaka nilipokuja kwako. Usiende. Baki."

Mama mkwe alinyamaza. Hilo peke yake lilikuwa jambo geni.

"Mjibu basi, Mama!" ilisikika sauti ya mfuga nyuki kutoka ng'ambo ya mashamba. "Tunangoja!"

Wote wawili wakaitazama maikrofoni. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka. Huko kwenye nyumba zote watu walikuwa wamesimama milangoni. Mkewe Fundi alikuwa uani, kafunika uso kwa mikono miwili. Na mpakani mwa shamba, masikio yametandazwa, alisimama Shangazi na ukoo wake, hawajagusa hata jani.

Mama mkwe aliinua maikrofoni. "Nyie mnaosikiliza mambo ya watu, hamna kwenu? Haya, kila mtu kwao!"

Milango ikafungwa. Tembo wakageuka.

"Na wewe Fundi," aliendelea, bado anavuma shamba zima, "ingia ndani ukalifungue lile begi. Taratibu. Sufuria yangu imo humo."