Zamu ya Ijumaa kwa Zastrow

Ijumaa ya pili ya Januari, saa kumi na nusu jioni, Verna Kubiak alikuwa ameketi jikoni kwake, miguu ndani ya beseni la maji ya moto yenye chumvi, akitazama chemsha bongo kwenye runinga. Mshindani aliulizwa ni mto gani unaopita Warszawa. Verna alilijua jibu tangu utotoni, maana bibi yake alifulia nguo humo. Akafungua mdomo alitaje, na badala yake akajikuta amebeba sahani tatu za samaki kwenye mkono wa kushoto na kikapu cha mkate mweusi kwenye wa kulia, katikati ya baa ya Zastrow, ambayo ilibomolewa miaka kumi na tisa iliyopita kupisha mahali pa kuoshea magari.

Hakupata nafasi ya kushangaa, kwa sababu sahani zilikuwa za moto. Alizipeleka meza ya saba. Meza ya saba wakataka siagi zaidi. Zastrow mwenyewe, ambaye Verna alihudhuria mazishi yake na hata kupeleka keki, alikuwa nyuma ya kaunta akichanganya brandi na sukari. Bila kugeuka akamwambia kwamba meza ya nne wanangoja na kwamba hapa si mahali pa kusimama kama nguzo ya simu. Verna akaenda meza ya nne.

Saa tatu usiku, saa ambayo zamu ya samaki wa Ijumaa iliisha siku zote, alirudi kitini kwake. Maji ya beseni yalikuwa yamepoa, chemsha bongo ilikuwa imekwisha, na nywele zake zilinuka mafuta ya karai. Alikausha miguu, akalala, na asubuhi akavuka theluji kwenda kwa jirani yake, Ione Radtke, kumwuliza kama anajua lolote.

Ione alijua. Alikuwa na miaka themanini na minne, na katika mji wa Dunmore Creek hakuna jambo lililompita. Tena yeye ndiye aliyehudumu kwa Zastrow kabla ya Verna, na ndiye aliyemvisha Verna ile beji. Baa ilikuwa na beji moja tu ya jina, iliyoandikwa DOT. Zastrow aliinunua kwa ajili ya mhudumu wake wa kwanza, Dorothy, ambaye watu walimwita Dot. Dorothy akaolewa, akaenda zake Iowa, beji ikabaki, na Zastrow hakuona sababu ya kununua nyingine wakati ile haijachakaa. Basi Ione alikuwa Dot kwa miaka minane, hadi alipohamia kiwanda cha jibini, na Verna akawa Dot kwa miaka ishirini na saba. Siku ya kwanza Ione alimfundisha kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja, akampa na kanuni moja: usimtazame mteja machoni kama mikono yako imejaa. Mkishatazamana, huyo ni wako.

"Umechorwa, shoga," Ione alimwambia huku akimmiminia kahawa. "Orville Haase katundika picha ya baa ya Zastrow pale maktaba, tangu Jumatano. Mimi nilidhani mhudumu aliyechorwa ni mimi. Nikavaa viatu kabisa, nikakaa kitandani nangoja. Saa kumi na nusu ikapita, saa kumi na moja ikapita, nikavua."

"Kwa nini mimi na si wewe?"

"Nenda kauone mkono."

Verna akaenda maktaba. Orville Haase alikuwa mchora mabango mstaafu, na tangu mkewe afariki alikuwa akichora mahali palipotoweka mjini: mgahawa wa stesheni, ambao sasa ni duka la simu, uwanja wa sinema ambako watu walitazama filamu wakiwa garini, kibanda cha aiskrimu ambako wasichana walikuletea chakula mpaka dirishani mwa gari, na baa zote nne za Barabara ya Kinu. Alichora kwa kumbukumbu tupu, na kumbukumbu yake ilikuwa ya kutisha. Alikumbuka samaki aliyekaushwa ukutani alikosa jicho lipi. Katika picha ya Zastrow kulikuwa na wateja thelathini na mmoja, kila mmoja na uso wake na uma wake, na Orville mwenyewe karibu na hita. Mhudumu alikuwa katikati, amewapa watazamaji mgongo. Lakini kwenye mkono wake wa kushoto, kutoka kiganjani hadi kiwikoni, kulikuwa na kovu la mafuta ya moto, limechorwa kwa upendo mwingi. Lilikuwa la Verna. Alilipata Ijumaa moja ya Kwaresima, na akamaliza zamu.

Alimkuta Orville kwenye karakana yake, akisafisha brashi.

"Umenirudisha kazini, Orville."

"Nimeona. Huduma safi kama zamani," alisema Orville, na alisema kwa roho nyeupe. Jana yake hakupika. Saa tatu ilipofika alijikuta ameshiba, na vipande vya kabichi kwenye meno, na wale wote wa kwenye picha ambao bado walikuwa hai, watu kumi na wanane, walikuwa wamempigia simu kumweleza vivyo hivyo.

"Nina miaka sabini na minane, bwana wee."

"Kwenye picha una arobaini."

"Miguu ni hii hii."

Orville akaitazama miguu, akakubali kwamba ni hiyo hiyo. Verna akataka kujua kwa nini wengine wote wana nyuso na yeye kachorwa mgongo. Orville akasugua brashi ambayo ilishatakata.

"Uso nilijaribu, Dot. Ulikataa kunijia."

"Verna. Nimekuwekea sahani mbele ya pua miaka ishirini na saba."

"Nilikuwa naangalia samaki," alisema Orville. Hakuwa mtu wa kusema uongo.

Verna naye hakuwa mtu wa ugomvi, kwa hiyo alianza na njia za kistaarabu. Daktari alimpima miguu, akaguna, akaandika cheti kwamba mgonjwa asisimame zaidi ya saa moja. Verna alikibandika kwenye fremu siku ya Alhamisi. Jumamosi cheti hakikuwepo kwenye fremu. Kilikuwa ndani ya picha, kimechomekwa kwenye msumari wa oda pale kaunta, pamoja na oda zilizokwisha kupelekwa mezani. Hivyo ndivyo Zastrow alivyovifanyia vyeti vya daktari alipokuwa hai. Orville akachora stuli kando ya kaunta, yenye mto mwekundu, kwa ajili ya Verna peke yake. Ijumaa alipoingia Verna aliiona, akaiendea moja kwa moja, akakuta Zastrow ameshaweka kreti ya bia juu yake.

Mwisho wa Februari Orville alichukua kitambaa na tapentaini, akamfuta Verna pichani.

Ijumaa hiyo Verna alikaa na beseni lake mpaka maji yakawa vuguvugu, akaongeza mengine. Aliitazama chemsha bongo hadi mwisho, akajibu maswali yote isipokuwa moja la mpira, na saa mbili na nusu alikuwa kitandani. Alijiona malkia. Huko kwa Zastrow watu kumi na wanane walikaa jioni nzima na uma mkononi wakitazama mlango wa jikoni. Walirudi makwao na njaa, na makwao hakukuwa na kitu kwenye jiko, kwa sababu kupika Ijumaa walikuwa wameshaacha.

Kamati ya Kumbukumbu za Mji ilikutana Jumatatu. Mwenyekiti alikuwa Gretchen Mielke, ambaye kwenye picha alikaa meza ya nne na tangu Januari alikuwa ameongezeka kilo mbili. Walizungumza saa nzima juu ya urithi na juu ya vizazi vijavyo. Mtu mmoja akauliza kama haingefaa kumsikiliza na mhudumu pia. Daftari likafunguliwa, ikaonekana mhudumu si mwanachama. Wakapiga kura, kumi na moja wakataka arudishwe, mmoja akakataa. Gretchen alikwenda mwenyewe kumpa Verna taarifa, na hakwenda mikono mitupu.

"Bila wewe ni watu tu wamekaa mezani, Dot," alimwambia, keki mkononi, na machozi yalimlengalenga kweli. "Wewe ndiye kumbukumbu yetu."

Verna alishukuru kwa keki. Hasira zilimjia baadaye, akiwa peke yake, akiosha sahani ile ya keki. Zilimjia hadi akaipiga sahani kwenye ukingo wa sinki, ikavunjika. Kisha akafagia vipande, akatafuta kabatini sahani nyingine ya kumrudishia Gretchen, maana ndivyo alivyolelewa.

Orville alimrudisha shingo upande. Alikuwa mla samaki lakini hakuwa mtu mbaya, na usiku hakuwa akipata usingizi. Akamwambia Verna kwamba kama ni lazima awemo, basi awemo na uso wake. Jumanne mchana akamkalisha karakanani karibu na jiko la kuni, akamletea kahawa, akamwangalia. Alimwangalia kwa saa tatu. Alimwuliza kama lile baka dogo la kidevuni alikuwa nalo siku zote, akajibiwa kwamba ndiyo, siku zote. Hakuna aliyekuwa amemtazama Verna namna hiyo tangu marehemu mumewe, na marehemu naye hakuwa mtazamaji. Verna alifurahi, wala hakuona haya kufurahi. Alikuwa anakunywa kahawa iliyoletwa na mtu mwingine, naye ameketi. Alipoaga, Orville alimwita kwa jina lake bila kukumbushwa.

Basi Orville akamgeuza pale pichani, uso kwa watu. Kwenye beji akaandika VERNA, kwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, na mabango ya nusu ya jimbo la Wisconsin yalikuwa ya mkono wake. Jumamosi beji ilisomeka DOT. Akaandika tena. Jumamosi iliyofuata ilisomeka DOT, na safari hii ilikuwa imeng'arishwa.

Uso ulibaki, na hapo ndipo wote wawili walipoliona kosa lao. Kabla ya hapo Verna alikuwa akiona kaunta na mlango wa jikoni tu, na aliyetaka kumwita ilibidi awe ndani ya picha. Sasa alikuwa anatazama nje. Ijumaa ya kwanza macho yake yalikutana na ya mzee mmoja aliyekuwa maktaba akisoma gazeti, mzee asiyemjua hata kwa jina. Mzee akainua kidole, kama watu wanavyoinua, na mikono ya Verna ikaenda yenyewe. Mzee alikula samaki wake pale pale kwenye meza ya magazeti, akajifuta mdomo kwa ukurasa wa michezo. Ijumaa iliyofuata foleni ilifika mlangoni, na maktaba, ambayo siku zote ilifungwa saa kumi na moja, ikatangaza kwamba Ijumaa itafungwa saa tatu.

Verna akaomba ageuzwe tena mgongo. Orville alikuwa tayari, brashi mkononi. Gretchen akasema picha isiguswe mpaka ichapwe kwenye kalenda ya mwaka mpya, na ilipokwisha kuchapwa, kuigusa kusingesaidia kitu. Zilichapwa kalenda mia nne, miezi kumi na miwili, mahali kumi na pawili, ili kila jiko la Dunmore Creek lipate yake. Picha ya Zastrow iliwekwa Januari.

Kabla picha haijaenda kuchapwa Orville alifanya jambo moja kwa siri. Alimvika Verna viatu vya soli nene, vile vya wauguzi. Hivyo Zastrow hakuvigusa, kwa sababu kutoka kaunta havionekani. Verna alisema vinasaidia kidogo.

Januari ikaisha, na hakuna aliyefunua ukurasa, asije akawakosa samaki. Mji mzima ulibaki Januari. Watu walikosa miadi ya daktari wa meno, kanisa likachelewa Kwaresima kwa siku tano, na Ijumaa saa kumi na nusu moshi haukutoka katika bomba lolote la jiko. Wageni waliopita njiani walisema ni mji mtulivu sana.

Verna naye alipewa kalenda, bure, imetiwa sahihi na kamati nzima: Kwa Dot, kwa shukrani. Aliitundika jikoni kwake. Msumari ulikuwepo, na hakutaka mtu akija aone ameidharau.

Ijumaa moja ya Machi, ambayo ukutani bado ilikuwa Januari, Ione alikuja saa kumi kumpa kampani. Walikunywa kahawa, wakamsengenya Gretchen kwa raha zao. Verna alipasha maji, akamimina chumvi, akaweka beseni mbele ya kiti ili walau atie miguu dakika chache. Aliitia dakika moja. Saa kumi na nusu ikafika, akaenda.

Alihudumia jiko baada ya jiko. Alikuwa ametoka meza ya saba, sahani tatu kwenye mkono wenye kovu, alipoona mbele yake jiko analolijua. Lilikuwa na pazia alilolishona mwenyewe. Chemsha bongo ilikuwa inaendelea. Beseni lilikuwa bado linafuka mvuke, na kwenye kiti chake alikuwa ameketi Ione, miguu ndani ya maji, kwa kuwa yalikuwa ya moto na yangepotea bure. Ione alikuwa anaitazama kalenda. Verna akajaribu kutazama kando, kama alivyofundishwa, lakini alichelewa.

Ione akatabasamu, kwa aibu kidogo. Kisha akainua kidole.

"Dot, shoga," alisema, "mkate mweusi kidogo. Na siagi, ukipata nafasi."

Verna akampelekea mkate, na siagi.