Kibali cha Magome

Mwanaharusi alikuwa anachuja maji ya magome ya mkoko, mekundu kama chai ya rangi, tarishi wa boma alipopiga hodi. Alichojua tarishi ni hicho tu alichotumwa: mwanamke wa kijiji cha Kiegeani anayetibu fizi aende Kilindoni leo hii, na dawa yake yote achukue.

Matano, mkwezi wa minazi, alikuwa uani anasukutua. Wiki iliyopita alikuja fizi zimemvimba, zinatoka damu na usaha, hata muhogo wa kuchemsha hautafuniki. Dresa, mganga msaidizi wa zahanati, alitaka kumng'oa meno sita. Sasa damu ilikuwa inakata, ila zilibaki siku nne za kusukutua. Alimwambia Mwanaharusi asihofu, huenda serikali inataka kumpa kazi hospitali. Kisha akamwomba amwachie walau kikombe. Lakini wito ulisema yote, naye Mwanaharusi akabeba yote, pamoja na kikapu cha magome na kisu chake.

Alikaa kwenye benchi la boma mpaka adhuhuri ikapita. Alipoitwa, alimkuta Ghalib karani na daktari Mzungu aliyekuja kutoka Dar es Salaam. Daktari alinusa dawa, akaionja, akatemea dirishani, akatabasamu. Akauliza kwa kinywa cha Ghalib: mti gani, unachemshwa muda gani, chumvi kiasi gani, magome yanatoka wapi. Mwanaharusi alijibu kila kitu, na Ghalib akaandika kila kitu. Daktari akaimimina dawa yote katika chupa yake ya kioo, akabandika karatasi, akampa Mwanaharusi mkono, jambo lililomtia haya.

"Nimefanya vibaya au vizuri, mwanangu?" alimuuliza Ghalib.

"Vizuri sana, bibi. Sasa ingia chumba cha pili."

Chumba cha pili alikuwamo Iddi, bwana misitu, ameshika nakala ya yale yale aliyoandika Ghalib.

"Mikoko ni mali ya serikali, bibi. Una kibali cha kubandua magome?"

Mwanaharusi alidhani kijana hajapata habari. Akamweleza kwa upole kwamba hapo jirani wamemsifu, na Mzungu mwenyewe amempa mkono.

"Yule ni wa Afya," Iddi akasema. "Mimi ni wa Misitu."

Basi akaomba hicho kibali. Iddi akamfahamisha kwamba vibali hutolewa kwa tani, si kwa kikapu. Kikapu na kisu vikabaki mezani kuwa ushahidi, na yeye akatakiwa arudi Jumatatu kwenye shauri.

Alipotoka alimkuta Ghalib anaifunga ile chupa ndani ya sanduku. Akamwomba amsomee karatasi iliyobandikwa. Ilikuwa na jina la mti, jina la kisiwa cha Mafia na jina la daktari.

"Na langu?"

Ghalib akafunika sanduku. "Lako liko kule kwa Iddi, bibi."

Alishuka pwani kunawa uso. Kama dawa ni mbaya, kwa nini wameichukua? Na kama ni nzuri, shauri la nini? Na Matano amwambie nini? Pale pwani vibarua walikuwa wanapakia mashua mizigo ya magome ya mkoko, mizigo kwa mizigo, imefungwa kwa kamba. Akauliza ni ya nani.

"Ya tajiri," kibarua mmoja akajibu bila kusimama. "Ana kibali."

Gome moja lilichomoka mzigoni likaanguka, maji yakawa yanalisukuma huku na huku. Mwanaharusi akaliokota. Lilikuwa pana kama kiganja, la kumtosha Matano siku mbili. Alisimama nalo, hajui sasa ni la tajiri, la serikali, au la Mungu aliyeuotesha mti. Kisha akalifutika kibindoni, akatengeneza kanga yake, akashika njia ya Kiegeani.