Jiwe la Wodi ya Kifua

Mchonga mawe alikuwa anamalizia neno "huruma" pale karani wa tajiri alipoingia uani, kalamu sikioni, karatasi mkononi.

"Kitanda cha mama yako kipo. Wodi inafunguliwa kesho. Aweke dole gumba hapa tu."

"Imeandikwa nini?"

Karani akaisogeza karatasi mbele, mchonga mawe akaisoma mwenyewe. Karatasi ilisema kifua cha mama kiliharibiwa na moshi wa jikoni kwake, si vumbi la kiwandani.

Patasi ikarushwa chini. Miaka kumi na tisa mama alichambua pamba kwa yule waliyemwita Bwana Pamba, akirudi nyumbani na nyusi nyeupe kama ajuza tangu hajafika hata miaka thelathini! Leo mtu huyo huyo anajenga wodi, wakubwa waje wampigie makofi, na mlango wa huruma yake ni mmoja tu: ukane kilichokumaliza.

"Kamwambie bosi wako, moshi wa jiko hautoi nyuzi mtu akikohoa!"

"Punguza moto, mwanangu," mama alisema kutoka mkekani, pumzi zikimjia kwa mafungu. "Baba karani, lete karatasi."

"Mama!"

"Wewe una hasira, mimi nina kifua. Nani mgonjwa hapa?" Akabonyeza dole, kisha akalifuta wino kwenye shati la karani. "Samahani, baba, macho haya."

Karani alipotoka akifikicha shati, mama akageuka. "Mimi nimedanganya nipate kupumua. Wewe jiwe lako limebaki na nafasi?"

"Mstari mmoja, chini."

"Na Bwana Pamba bado anasoma mawe yake mwenyewe?"

Nani asiyejua? Kisimani, shuleni, kote alisoma kwa sauti ya kutikisa mabati, asimwachie mtu utamu huo.

"Watakutoa kitandani, mama."

"Wanitoe mbele ya wageni, basi. Chonga."

Alichonga mpaka jioni, akalijenga jiwe ukutani kwa mikono yake, akalifunika kitambaa.

Kesho yake wodi ilijaa suti. Kitambaa kikavutwa. Bwana Pamba akapanua kifua, kizima kabisa, akanguruma: "Wodi hii ni zawadi ya huruma ya mfanyabiashara wetu mpendwa, kwa wagonjwa wa kifua... waliovuta vumbi la..."

Sauti ikakatika. Makofi yaliyokuwa tayari yakabaki hewani.

Kwenye kitanda cha kwanza, mama akajiinua kwa kiwiko, akakohoa, akavuta pumzi.

"Malizia, baba," alisema. "Limebaki neno moja."