Kanda ya Mwenye Chini

"Mkate sitaki," alisema mama, akasimama pale pale kwenye mlango wa nyuma wa chumba cha tanuri la mikate, amelikumbatia bati la biskuti kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Radi aliiona midomo ikicheza, lakini maneno hayakumfika. Alitua trei ya mwisho ya asubuhi, akapangusa unga mikononi, akamgeuzia sikio la kulia, lile lililobakiwa na uhai kidogo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Neno moja tu. Tangu mazishi ya mwanawe, mwimbaji wa bendi yao, mama huyu hakuwa amemwitikia salamu. Siku ile alisimama mbele ya jeneza akawaambia Radi na wenzake, watu wakisikia, "Mlimwimbisha mashetani, leo mnataka kumbeba? Shusheni mikono yenu." Wakaishusha. Walitembea nyuma kabisa ya msafara, nyuma hata ya watoto, na baada ya hapo Radi akimwona barabarani alikuwa akivuka upande wa pili.

"Fungua," mama alisema, akimpa bati.

Ndani mlikuwa na kanda. Si kaseti za kutia mfukoni, hapana, kanda ya studio, gurudumu pana kama sahani ya kulia. Radi aliijua kabla hajaigusa. Ilikuwa albamu yao ya tatu, ile ambayo haikutoka. Aliugusa ukingo wa utepe, ukamnata kidoleni kama asali.

"Nyingine zote nilizichoma," mama alisema kwa kupaza sauti, maana mtaa mzima uliyajua masikio ya Radi. "Kaseti, picha, zile fulana nyeusi. Hii aliificha juu ya dari, wameishusha mafundi waliokuja kubadilisha mabati. Ningeiona siku zile ingekwenda na wenzake."

"Na sasa?"

"Sasa nimeisahau sauti yake." Hakulia. Alisema kama mtu anayemweleza mganga wapi panapouma. "Sura ninayo, ipo ukutani. Sauti imenitoka. Nakumbuka aliyoyasema, sikumbuki alivyoyasema. Nalala naitafuta, naamka naitafuta. Mama gani huyo, jamani, anayesahau sauti ya mwanawe? Nisikilizishe mara moja tu, mwanangu, basi."

Radi alitazama kanda, akatazama sakafu. Alijua kilichomo humo, na zaidi alijua kisichokuwemo.

Mambo yote haya yalianza na hadithi ya mama huyu mwenyewe, na ndiyo maana yalikuwa yakimla. Uani kwao kulikuwa na kisima, na mwanawe alikuwa mtoto wa kelele, mdomo haujui kupumzika. Ili asiende kuinamia maji, mama akamtungia Mwenye Chini: kiumbe cha visimani kilichoumbwa bila kinywa. Jua la utosini, mtoto akipiga kelele kisimani, Mwenye Chini huazima kinywa chake, na akishaazima harudishi. Mtoto mwingine angeogopa akakaa mbali. Huyu alikua nayo hadithi, akaota nayo ndevu, na siku alipokutana na Radi na ndugu wawili wenye magitaa alikuwa ameshaamua kuwa Mwenye Chini lazima apate wa kumsemea. Wakaunda bendi ya metali, ile ya ngoma za kasi na kuimba kwa kunguruma. Wakaiita Kinywa cha Kisima. Yeye wakamwita Kinywa tu.

Ukisikia watu wakisimulia uchawi wao utacheka. Fuvu la mbuzi la kuweka jukwaani walipewa na muuza nyama, nalo halikuwa limekauka vizuri. Keshoye sisimizi walipanga foleni hadi kwenye spika na mmoja wa wale ndugu akatapika. Zile alama za kutisha kwenye jalada, duara lenye jicho na miiba, Kinywa alizinakili kutoka kwenye mifuko ya saruji akazigeuza juu chini. Albamu ya kwanza waliirekodi ndani ya ghala la magodoro, kwa sababu godoro humeza kelele na mwenye ghala alikuwa mjomba wa mtu. Ya pili waliifanya kwa Fundi, mwenye studio ya trei za mayai ukutani. Watu wachache waliipenda sana na waliobaki waliwaombea.

Ya tatu ndiyo Kinywa aliyoitaka iwe ya kweli. Akawalisha kiapo: kuanzia mlangoni mwa studio hadi kazi iishe, binadamu asiseme. Kanda ibebe sauti ya Mwenye Chini peke yake. Wakabuni ishara. Ngumi juu, anza. Kiganja, simama. Kidole kikizungushwa hewani, rudia. Radi alipiga ngoma mpaka viganja vikachubuka na masikio yakavuma wiki nzima, wala hakuna aliyesema hata aah.

Kabla albamu haijatoka, sauti ya Kinywa ikaanza kukwaruza hata akiomba chumvi. Kumbe kooni mlikuwa na uvimbe. Hospitali wakalikata koromeo wakamwachia tundu shingoni, na mtaa ukasema haya, mwenye mali kaja kuchukua kinywa chake. Miezi yake ya mwisho Kinywa aliongea kwa vidole, kwa ishara zile zile za studio. Mama hakuzijua. Waliozijua alikuwa amewafungia mlango.

"Mama," Radi alisema, "humu hamna maneno yake. Tuliapa tusiongee. Kuna ile ngurumo tu."

"Mwanangu mimi? Akae kutwa nzima bila kusema?" Mama akacheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Yule alikuwa akiongea mpaka usingizini. Wewe cheza kanda. Mimi ndiye ninayemjua."

Fundi alikuwa hai bado, ila studio ilikuwa imezeeka kumshinda. Siku hizi alirekodi matangazo ya maduka, yale ya karibuni-karibuni yanayopigwa juu ya magari.

"Radi! Hujafa?"

"Nipo kwenye foleni, Fundi."

"Basi usinipite, mimi nilitangulia." Aliinusa kanda, akaibonyeza, tabasamu likafutika. "Gundi imeoza. Ukiipitisha kwenye mashine hivi hivi inachunika yote. Inataka kukaushwa kwa moto wa polepole, kutwa nzima. Na ikishakauka usidhani imepona. Utaisikiliza mara chache, halafu kwaheri. Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kufa, nzito zinafuata."

"Kama masikio yangu."

"Kama masikio yako. Sasa huo moto utautoa wapi? Jiko langu mimi litaikaanga."

Radi aliirudisha kanda ndani ya bati. Kama kuna kitu kimoja alichojaliwa duniani baada ya ngoma, ni moto wa polepole.

Kesho yake, mikate ilipotoka, alilichokoa tanuri, akatoa majivu yote, akafagia, akaacha matofali yapoe yenyewe. Hakuwa na kipimo cha joto. Alikuwa na mkono. Kwa mikate, alizoea kuuingiza huku akipiga kichwani mwake wimbo wa kasi wa albamu ya kwanza. Joto likimshinda katikati ya wimbo, tanuri liko tayari. Safari hii alipiga kichwani wimbo mrefu kuliko yote, ule wa kushuka kisimani, polepole, ngoma moja moja. Mkono ulipouvumilia hadi mwisho, akaiweka kanda juu ya trei tupu, mlango akauacha wazi upana wa vidole viwili. Kisha akaketi juu ya gunia la unga kuilinda.

Aliogopa. Hakuwahi kuogopa kitu ndani ya tanuri lile, na mikate ameunguza, na mkono ameunguza. Kutwa alikuwa akiigeuza, akiibonyeza kwa kidole gumba, akipima tena kwa mkono, na huku anajidanganya. Labda kuna aliyeteleza. Labda Kinywa alijikwaa waya akasema pole. Labda aliniita mara moja tu, jina langu, na mimi kwa masikio yaliyojaa ngoma sikusikia. Mtu akikosa la maana hushika hata labda.

Jioni utepe haukunata tena.

Walikutana kwa Fundi mchana wa siku ya pili, jua la utosini. Mama alikuwa amevaa nguo yake nzuri, ya kwendea harusini. Radi alipoiona alitamani ardhi ipasuke. Fundi akafuta mashine kwa pamba, akavaa vifaa vya masikioni, akauvuta utepe kwa vidole viwili. Radi aliweka simu yake karibu na spika ili inakili, kisha akaweka kiganja mezani, maana ngoma zake mwenyewe alizisikia kwa mbao siku hizi.

Gurudumu likageuka. Meza ikatetemeka. Ngurumo ilipotoka, mama alirudi nyuma na kiti chake, akashika kifua. Haikuwa sauti ya mtoto wa mtu. Ilikuwa kama jiwe linaloburutwa kisimani. Wimbo ukaisha, Radi akamkodolea mama macho. Kimya. Hakuna pole, hakuna jina. Wimbo wa pili, ngurumo, kimya. Wa tatu. Mama alikuwa akitikisa kichwa taratibu, machozi yakimwagikia ile nguo nzuri, na Radi akawaza, tumemuua Kinywa mara ya pili.

Ghafla mama akanyanyua mkono. "Rudisha."

Fundi akarudisha.

"Hapo! Kabla ya kuanza. Hamumsikii? Anavuta pumzi." Alisimama. "Ndivyo alivyokuwa akivuta tangu mdogo, ana kifua, anavuta kama mtu aliyetia uji wa moto mdomoni. Usiku nilikuwa nikiisikia pumzi ile nikajua mwanangu yupo. Ni yeye. Huyo siye Mwenye Chini, huyo ni wangu! Rudisha."

Radi akamzungushia Fundi kidole hewani, mazoea ya zamani tu, akasubiri. Aliegemeza sikio la kulia hadi likagusa spika. Ngurumo aliipata kwa fupa la shavu. Pumzi hakuipata. Mahali pake palikuwa na ukuta.

Walijaribu simu. Ilikuwa imechukua ngurumo yote, kubwa, safi. Sauti ndogo ndogo, pumzi ikiwemo, ilizihesabu uchafu ikazifuta. Mama aliisikiliza akamrudishia Radi. "Hayumo," alisema. Kisha akamshika kifundo cha mkono. "Hiyo uliyofanya. Ya kidole. Maana yake nini?"

Radi alitamani kudanganya. "Kwa nini, Mama?"

"Siku yake ya mwisho. Nilikuwa nimekaa kitandani pake nampigia porojo tu, nani kaoa, nani kahama, mbuzi wa nani kaingia kwa nani. Akazungusha kidole hivyo. Nikadhani kachoka ubavu, nikamgeuza. Akazungusha tena. Nikamgeuza tena. Nikamgeuza na kumgeuza, Radi, mpaka akaacha."

Fundi alijitia kushughulika na pamba.

"Maana yake ni rudia," Radi alisema. "Alikuwa anataka urudie. Hadithi zako."

Mama aliketi. Nje gari lilipita likitangaza sabuni kwa sauti ya Fundi mwenyewe, karibuni, karibuni, likaishia kwenye kona. Alipoinua uso, mama alionekana amezeeka pale pale kwenye kiti.

"Rudisha," alisema.

Fundi akarudisha. Kila kanda ilipopita iliacha unga wa kahawia kwenye mashine, na kila alipofuta, pamba ilitoka na rangi ya ukoko wa mkate. "Mama yangu," alisema mwishowe, "kila ukimsikia unampunguza. Tumwache kidogo, uje siku nyingine."

"Siku nyingine nitakuwa nimesahau. Rudisha."

Radi aligundua kuwa hahitaji masikio. Kila ilipofika mahali pale, kabla tu meza haijatetemeka, mama alikuwa akivuta pumzi pamoja na mwanawe, midomo imechongoka kama ya kuonja moto. Kwa hiyo Radi akawa anatazama kifua cha mama. Kikipanda, alijua Kinywa amepita. Huo ndio usikivu uliobaki kwake, naye aliushika kwa macho yote mawili.

Wakarudisha, wakarudisha. Kivuli cha dirisha kilikuwa kimesogea hadi miguuni pa mama, Fundi alipovua vifaa vya masikioni. Alimtazama Radi juu ya kichwa cha mama, akasema kwa midomo mitupu, bila kutoa sauti, akijua Radi ataisoma: Pumzi imeisha. Hapo hamna kitu tena. Ni kimya.

Mama alikuwa amefumba macho, anangoja. "Rudisha," alisema.

Radi akamtazama Fundi. Akanyanyua mkono wenye makovu ya tanuri, akazungusha kidole hewani. Fundi akasita, kisha gurudumu likageuka, unga wa kahawia ukadondoka, na pale pale, kabla meza haijaanza kutetemeka, kifua cha mama kikapanda.