Anza na Shukrani

Bomba lilikohoa.

Giza lilikuwa bado zito, na yule mama alikuwa amelala sikio wazi, kama wanavyolala akina mama wote wa mtaa ule tangu maji yaanze kuja kwa kunyatia. Akasikia tena: kho, kho, halafu mluzi mwembamba wa hewa. Akaruka kitandani, hata viatu hakutafuta. Ndoo ilikuwa chini ya bomba tangu jioni, imekaa mdomo wazi kama mgeni aliyeahidiwa chakula. Akafungulia mpaka mwisho, akangoja. Bomba likatema kutu, likatema upepo, likatema maji ya rangi ya chai kiasi cha kikombe, kisha likanyamaza kama mtu aliyekumbuka kwamba hasemezani na watu wa nyumba hiyo.

"Yamekuja?" mama mkwe akauliza kutoka chumba cha pili.

"Yamekuja, yamesalimia, yameondoka."

"Basi tumeyapokea." Bibi akageuka, kitanda kikalia. "Angalau yenyewe yanapiga hodi. Waliotuahidi hawajui hata mlango wetu uko upande gani."

Yule mama akabaki amechuchumaa gizani, mkono juu ya koki, akitumaini. Kutumaini ilikuwa tabia yake. Mumewe, dereva wa malori anayeonekana nyumbani mara moja kwa mwezi, alikuwa akimtania kwamba angeweza kulingoja basi hata mahali ambapo barabara haijachimbwa. Lakini usiku huo hata yeye alichoka. Yale maji ya kutu yalikuwa yamelowesha kitako cha ndoo tu.

Tatizo halikuwa chai wala kuoga. Tatizo lilikuwa dumu. Shuleni kwa binti yake bomba lilikauka siku nyingi, na sasa kila mtoto alitakiwa kufika na dumu dogo la maji, ya vyoo na ya kunawa mikono. Asiye na maji haingii getini. Mwalimu wa zamu mwenyewe aliisema sheria hiyo akitazama pembeni, kama mtu anayeionea haya, lakini aliitekeleza. Wiki iliyopita mtoto alirudishwa. Wiki hii walijitahidi, wakaomba hapa, wakakinga pale. Leo walikuwa wamefika mwisho wa kuomba.

Mtoto alikuwa amelala na dumu lake ubavuni, kamba yake ameizungusha kidoleni. Bibi yake alimwita Chiriku, na huo ulikuwa utani, maana mbele ya watu wasiomzoea mtoto huyo hafungui kinywa hata ukimkanyaga. Alikuwa darasa la kwanza. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusoma maneno marefu, na kila jioni aliyasoma kwenye maboksi na makopo kwa kunong'ona, kidole chini ya silabi.

"Mama," yule mama akasema mlangoni kwa mkwewe, akiwa tayari amevaa, "utamwombea maji kwa jirani?"

"Nitaomba. Jirani naye aombe kwa nani, hilo tutalijua tukifika. Nenda kazini, mwanangu, usije ukachelewa ukatuongezea msiba."

Kazi yenyewe ilikuwa kupokea simu redioni. Zamani alikuwa akifua nguo za watu. Maji yalipokauka, kazi nayo ikakauka. Akajiandikisha masomo ya jioni, akasoma akiwa amembeba Chiriku mgongoni, na mwalimu mmoja ndiye aliyemwambia kwamba ana sauti ya kutuliza watu. Sauti hiyo ndiyo iliyompa nafasi ya majaribio redioni, na majaribio yalikuwa yanaisha wiki ile ile. Mtayarishaji wa kipindi, ambaye wote walimwita Shusha kwa sababu kila alichokisema kilianza na "shusha sauti", ndiye angeamua abaki au aondoke.

"Shusha sauti unisikilize," Shusha alimwambia asubuhi hiyo, ilhali yeye hakuwa amesema lolote. "Leo studio tuna mkubwa. Waziri mwenyewe, anayehusika na maji. Kila mpigaji aanze na shukrani. Asiye na shukrani, laini yake mbovu. Tumeelewana?"

"Na anayeshukuru halafu akauliza?"

"Anayeshukuru kweli huwa hana swali." Akarekebisha tai. "Mpigaji mmoja tu akitibua, na wewe majaribio yako yametibuka. Nakupenda ndiyo maana nakwambia."

Chumba chake kilikuwa na upana wa kabati, kimebanwa kati ya ukumbi na studio, na kioo kikubwa mbele. Mezani palikuwa na simu, hedifoni na vitufe viwili: cha kijani cha kumpeleka mpigaji hewani, chekundu cha kumkata. Ng'ambo ya kioo alimwona waziri akiketi mkabala na mtangazaji, akiweka mbele yake chupa mbili za maji. Moja aliinywa. Nyingine aliitumia kuegeshea karatasi zake.

Simu zikaanza. Mwalimu mstaafu alishukuru kwa ufasaha, akashukuru tena kwa kirefu, akaendelea kushukuru mpaka salio lake likaisha kabla hajafika kwenye swali. Akaja kinyozi.

"Unashukuru nini, kaka?"

"Namshukuru kwa kuja redioni. Tangu tumpigie kura hatujamwona, angalau leo tutamsikia."

Yule mama akabana kicheko. "Laini yako inakwaruza, kaka. Jaribu baadaye."

"Inakwaruza au inawasha?" kinyozi akauliza, na akakata mwenyewe.

Mwoka mikate alipita, kwa kuwa alishukuru kwa sauti tamu. Kisha akauliza, tamu vilevile, kwa nini mabomba yamekauka na nani wa kulaumiwa.

"Swali zuri sana," waziri akasema. Likawa swali zuri kweli, kwa maana alilitembeza. Alianza na mvua: haikunyesha. Akaenda kwa mabomba: yalilazwa na waliomtangulia. Waliomtangulia waliyakuta kwa waliowatangulia, na hao wengi wao ni marehemu, si vizuri kuwasema. Mitambo ya kusukuma maji ipo, ila inataka umeme, na umeme ni wa mwenzake wa wizara nyingine. Mwenzake naye anategemea mafuta, na mafuta yanatoka nje. Lawama ikapanda meli, ikavuka bahari, ikatua kwa watu ambao hawajawahi kusikia kwamba mtaa huo upo duniani.

"Kwa hiyo tuvumiliane," akamaliza. "Mvumilivu hula mbivu."

Mtangazaji akacheka kama mtu aliyeisikia methali hiyo kwa mara ya kwanza. Yule mama akahisi kichwa kinamwasha, kama amevishwa kofia ya upupu. Laini ya pili ikawaka.

"Redio, habari za asubuhi. Nani mwenzangu, na unapiga kutoka wapi?"

"Mimi unanijua, na ninapopigia unapajua, umeondoka hapa alfajiri. Nipe huyo bwana."

"Mama?"

"Usiniite mama. Niko kwenye foleni kama wenzangu."

Akashusha sauti, safari hii kwa hiari yake. "Mama, tafadhali. Niko kazini."

"Na mimi niko kazini. Kazi yangu ya leo ni kumuuliza huyo mvumilivu ni mbivu ipi aliyoila, maana sisi hata mbichi hatujaiona."

"Lazima uanze na shukrani."

"Nimshukuru kwa kikohozi cha bomba?"

Shusha alikuwa amesimama ng'ambo ya kioo, nyusi juu. Yule mama akaivaa sauti yake ya kazini. "Laini yako ni mbovu, mama. Jaribu baadaye."

Kisha bibi akasema taratibu, "Sauti hiyo naijua. Ndiyo unayotumia ukiniambia supu yangu imekolea chumvi sawasawa." Akakata.

Yule mama alitazama kitufe chekundu ambacho hakuwa hata amekigusa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, chini ya hedifoni. Hata hivyo akajiambia kwamba wiki ikiisha atakuwa na kazi ya kudumu, na mwenye kazi ya kudumu anaweza siku moja kusema neno. Siku moja. Alijisikia mwenyewe akisema hivyo, na akatambua kwamba ndivyo anavyosema waziri ng'ambo ya kioo.

Laini ikawaka tena.

"Usikate," bibi akasema. Utani ulikuwa umemtoka. "Mwanzo sikukwambia: mtoto amerudishwa. Jirani hakuwa na kitu, na wa pili vivyo hivyo. Nikampeleka hivyohivyo nikidhani watamwonea huruma. Mwalimu amelia, lakini geti halikufunguka. Yuko hapa kizingitini na dumu lake mapajani. Hajalia. Ananiuliza kama leo watasoma ukurasa wenye picha ya twiga bila yeye."

Kwenye sikio la pili la yule mama, waziri alikuwa anaendelea, sasa amechangamka, ameegemea kiti.

"Na tuambizane ukweli," alikuwa anasema. "Maji yanafika kila nyumba. Kila nyumba. Yanafika usiku, kwa ratiba. Sasa baadhi ya akina mama wanalala fofofo, asubuhi wanailaumu serikali. Serikali itakuja kukukingia ndoo? Uwajibikaji unaanza nyumbani, ndugu zangu."

Nyayo za yule mama bado zilikuwa na ubaridi wa sakafu ya alfajiri. Vidole vyake bado vilinuka kutu.

"Mama," akasema kwenye simu, na haikuwa ile sauti ya supu. "Una shukrani yoyote?"

Bibi akaelewa, hakuzaliwa jana. "Ninayo. Naishukuru redio kwa kunipokea."

Yule mama akainua kidole gumba kuelekea kioo. "Mpigaji anashukuru," akasema kwenye kipaza sauti cha ndani. Shusha akatabasamu, akaashiria: mlete. Yule mama akabonyeza kijani.

"Tuna mpigaji mwingine," mtangazaji akasema. "Karibu, mzee wetu."

"Ahsante. Naishukuru redio," bibi akaanza, na Shusha akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Nimemsikia mheshimiwa akisema tunalala. Mimi ni mzee, usingizi ulishanikimbia. Usiku nilisikia bomba likikohoa, nikamsikia na mkwe wangu akilikimbilia miguu mitupu. Alipata kikombe. Haba na haba hujaza kibaba, mheshimiwa, lakini hiyo haba yenyewe iko wapi? Ila sikupiga ili nibishane. Ninaye mjukuu wangu hapa. Naomba umsalimie."

Tabasamu la Shusha likaganda. Akapitisha mkono shingoni: kata.

Yule mama alimwona vizuri kabisa. Alikiona na kitufe chekundu, kiko karibu na kidole chake kama kawaida. Akatoa mikono yote miwili mezani, akaikalia.

Shusha akapitisha mkono shingoni mara ya pili, kwa nguvu, kisha akatoweka kwenye kioo. Nyayo zake zikasikika ukumbini.

"Aah, mtoto," waziri akasema, na sauti yake ikalainika, kwa kuwa hakuna mwanasiasa anayekataa mtoto hewani. "Haya, mtoto mzuri. Hujambo?"

Kimya.

Kwenye hedifoni yule mama alisikia pumzi anayoijua kuliko pumzi yake mwenyewe. Alisikia plastiki ikigonga goti, taratibu: dumu tupu. Watu wa redio huogopa kimya kama wapishi wanavyoogopa moto kuzimika, na mtangazaji alikuwa tayari amefungua mdomo akizibe. Mlango wa chumba cha yule mama ukafunguliwa. Shusha aliingia, akanyoosha mkono juu ya bega lake kukitafuta kitufe. Yule mama hakusimama wala hakumsukuma. Aliegemea mbele tu, kifua juu ya meza, akakifunika kitufe na mwili wake kama anavyomfunika mtoto mvua ikinyesha.

"Toka hapo," Shusha akanong'ona. "Unajua unachokifanya?"

"Najua. Shusha sauti, kaka, tuko hewani."

Ng'ambo ya kioo waziri aliitazama saa ya ukutani, na uso wake ukang'aa. Alikuwa amepata mwingine wa kumlaumu.

"Lakini hebu, mtoto mzuri," akasema, akiinua kidole kwa wasikilizaji wasiokiona, "saa hizi watoto wote wako darasani. Wazazi wako wapi? Mbona wewe hujaenda shule?"

Yule mama alifumba macho. Alikuwa amemfundisha binti yake kwamba mtu mzima akikuuliza swali, unamjibu. Alisikia bibi akinong'ona kitu kwa mbali. Alisikia dumu likiwekwa chini. Kisha, kwenye kila redio iliyokuwa imewashwa asubuhi ile, jikoni, sokoni, kwenye kiti cha kinyozi na ndani ya magari ya wakubwa, Chiriku akafungua kinywa na kusema kwa sauti:

"Nimerudishwa kwa sababu dumu langu halina maji."